Uzito wa Mzigo na Uzito wa Mwendo: Kuhusu Kivumishi Kimoja cha Kiingereza

Mwanafunzi mmoja wa shahada ya uzamili, aliyetafiti ushairi wa Abdilatif Abdalla, alikamilisha tasnifu yake kwa Kiswahili, akabakiwa na kazi moja aliyoidhania kuwa ndogo: kuandika ikisiri kwa Kiingereza, kama kanuni za chuo zilivyomtaka. Ndani ya tasnifu alikuwa ameiita Sauti ya Dhiki "diwani nzito" mara nyingi, na hapana msomaji wa Kiswahili ambaye angemwelewa vibaya. Alipofika kwenye ikisiri, neno heavy alilionea haya. Alihisi kuwa ni neno la gunia na sanduku, lisilostahili kubeba sifa za mshairi aliyetungia gerezani. Akafungua kamusi ya visawe, akashuka na kidole kwenye orodha, akalipata neno refu lenye sura ya Kilatini na sauti ya ukumbi wa mihadhara: ponderous. Aliridhika nalo. Akaandika kwamba utafiti wake ulihusu mojawapo ya diwani zilizo ponderous kuliko zote katika fasihi ya Kiswahili ya karne ya 20, akafunga jalada.

Ripoti ya mtahini wa nje ilirudi baada ya miezi kadhaa. Ilikuwa ripoti ya heshima, na ilikubali sehemu kubwa ya uchambuzi. Lakini katika aya yake ya pili iliuliza swali lililomtoa mwanafunzi jasho: ikiwa mtahiniwa anaamini kwamba mashairi haya yanachosha na yanakokota miguu, ni kwa nini ametumia sura 5 kuyasifu? Mwanafunzi alikwenda kwa msimamizi wake na kamusi mkononi, akamwonyesha kwamba kisawe cha Kiswahili kilichotolewa pale ni "-zito".

"Mwalimu, kwani kamusi imesema uwongo?" aliuliza.

Msimamizi aliisoma kamusi, akaisoma ripoti, kisha akajibu kwamba kamusi haikusema uwongo. Ilimweleza kuwa pana uzito. Haikumweleza uzito wenyewe uko wapi.

Kisa hiki kingeweza kumalizwa kwa kalamu nyekundu na kusahaulika. Hata hivyo, kinastahili kutazamwa kwa makini zaidi. Idara za Kiswahili huishi kati ya lugha mbili: hujenga hoja kwa lugha moja na mara nyingi hutakiwa kuzitolea ushahidi kwa lugha nyingine. Kivumishi kimoja kikivuka mpaka vibaya, kinachoumia si alama za mtahiniwa peke yake. Anayeumia ni mshairi, ambaye hayupo kikaoni kujitetea. Makala haya yanadhamiria kulichunguza neno ponderous, lilikotoka na linavyotumika, na kulilinganisha na "-zito" ya Kiswahili. Inatarajiwa kwamba tofauti baina ya maneno haya mawili itamfunza mhakiki jambo kuhusu mashairi anayoyasoma na, yamkini kwa uchungu zaidi, kuhusu nathari anayoiandika mwenyewe.

Asili ya neno haina fumbo. Kilatini kilikuwa na nomino pondus, yaani uzito, yenye udugu na kitenzi pendere, kuning'iniza na kwa hiyo kupima, kwa kuwa mizani ya kale ilifanya kazi kwa kuning'iniza. Kutokana na pondus kulizuka kivumishi ponderosus, chenye uzito tele, nacho kikaingia katika Kiingereza kupitia Kifaransa mwishoni mwa Enzi za Kati. Ukoo wake ni mpana. Kitenzi ponder, kutafakari, kilianza kwa maana ya kupima: mwenye kutafakari huliweka wazo kwenye sahani ya mizani. Neno pound, ambalo kwa Kiingereza ni kipimo na pia ni fedha, ni la ukoo uo huo. Kiswahili kiliyagawa matumizi hayo mawili, kikaiacha pauni iwe fedha, na kipimo kikapewa jina la ratili, lenye asili ya Kiarabu. Hata aina moja ya msonobari wa magharibi mwa Amerika Kaskazini huitwa Pinus ponderosa, jina lililotokana na David Douglas, mtaalamu wa mimea kutoka Uskoti, katika karne ya 19, kwa ajili ya uzito wa mbao zake. Katika jina la mti huo hamna lawama yoyote. Mbao ni nzito, basi.

Katika tamthilia za Shakespeare pia neno hili halijachafuka. Katika Hamlet, mwana wa mfalme anapoiuliza roho ya babaye ni kwa nini kaburi limeifungulia, neno hili linayaeleza mataya ya marumaru ya kaburi hilo. Uzito huo ni wa jiwe linalopaswa kumzuia maiti asitoke, na hofu ya Hamlet inatokana na kwamba uzito wote huo haukutosha. Mfano wenye mafunzo zaidi umo katika King Lear. Katika onyesho la kwanza, mfalme mzee anawataka binti zake watatu wayatangaze mapenzi yao hadharani ili awagawie nchi. Wawili wakubwa wanamiminika kwa maneno. Cordelia, kitinda mimba, anajisemea kando kwamba ana hakika mapenzi yake yanaushinda ulimi wake. Yanaushinda kwa nini? Toleo la Quarto la 1608 linasema kwa utajiri; toleo la Folio la 1623 linasema kwa uzito, na neno lililotumika hapo ni ponderous. Inafaa kuzingatia namna Folio inavyougawa uzito huo. Mapenzi ndiyo yaliyo mazito. Ulimi ni mwepesi, hauwezi kuyanyanyua. Kwa hiyo Cordelia ananyamaza, na kunyamaza kwake kunamponza. Katika mstari huo kivumishi kinasifu, nacho kinasifu kwa sababu kimewekwa upande wa mzigo.

Samuel Johnson, alipochapisha kamusi yake kubwa mwaka 1755, alilitolea neno hili fasili za uzito, za umuhimu na za nguvu ya msukumo. Lawama ya mtindo hakuipa fasili yake peke yake. Jambo hili lina kejeli yake, kwa maana si miaka mingi ilipita kabla ya nathari ya Johnson mwenyewe kuwa mfano mashuhuri wa kile ambacho neno hili linakilaumu leo. Mwaka 1831, Thomas Babington Macaulay, akipitia toleo jipya la wasifu wa Johnson ulioandikwa na Boswell, alimshutumu kwa kuandika lugha ambayo mtoto haisikii kwa mama wala kwa yaya; akadai kwamba Johnson alipozungumza alisema kwa wepesi na nguvu, lakini aliposhika kalamu aliyageuza maneno yake yakawa lugha nyingine ya kwake. Macaulay aliibandika lugha hiyo jina la mwenyewe. Tangu hapo ni vigumu kusoma maelezo ya mtindo wa Johnson bila ya kukutana na ponderous mahali fulani. Mtunzi wa kamusi alifungwa na neno aliloliacha huru.

Namna neno linavyotumika sasa inaonyesha mkondo huo ulikofikia. Mzungumzaji wa Kiingereza hasemi kwamba mvua ni ponderous, wala mkoba, wala kodi. Kwa hayo anayo heavy. Hoja yenye maana kubwa huiita weighty, na hiyo ni sifa. Ponderous hulitumia kwa hatua za tembo, kwa mtambo mkubwa unaoanza kuzunguka, kwa urasimu, kwa hotuba, kwa kitabu, na hata kwa mzaha. Mzaha ulio ponderous ni ule ambao mwenye kuufanya hutoka jasho na wasikilizaji wake hawacheki. Ukiyachunguza mambo yote hayo utaona kwamba yana sifa moja: ni mambo yanayotembea, au yanayotarajiwa kutembea. Neno limeacha kupima vitu vilivyotulia kwenye sahani ya mizani. Sasa linapima mwendo. Linasema kwamba mwili wa kitu umekuwa mzigo kwa kitu chenyewe. Kitabu kikiitwa hivyo, hakulaumiwi kwamba mna mambo mengi ndani yake. Kunalaumiwa kwamba sentensi zake zinashindwa kujibeba.

Kiswahili, kwa upande wake, kina kivumishi kimoja kinachofanya kazi nyingi. "-zito" ni ya gunia, na pia ni ya uji, giza, usingizi, sauti, msiba, hoja na mtu. Mwanamke mwenye mimba ni mja mzito. Mtu mwenye cheo na kauli ni mtu mzito. Kwa mtazamo wa juu juu, mwanafunzi aliyeikuta "-zito" mbele ya ponderous alikuwa na haki ya kuamini kwamba amefika. Hata hivyo, wingi huu wa matumizi hauna fujo kama unavyodhaniwa. Inafaa yatenganishwe mafungu mawili.

Fungu la kwanza ni la vitu vinavyobebwa au vinavyojaza: hoja nzito, ujumbe mzito, msiba mzito, siri nzito, uji mzito. Hapa "-zito" hailaumu. Inaeleza kwamba kitu kina kiasi, kina mashiko, hakipeperuki. Hata msiba mzito, ingawa unaumiza, haudharauliwi. Unaheshimiwa, na majirani hukusanyika ili wausaidie kubebwa. Fungu la pili ni la viungo vya mwili ambavyo kazi yake ni kufanya kitu upesi na kwa wepesi: ulimi mzito, mkono mzito, kichwa kizito, masikio mazito, miguu mizito. Hapa lawama inaingia mara moja. Mwenye mkono mzito ni bahili, kwa kuwa mkono wake haufunguki. Mwenye kichwa kizito hashiki anachofunzwa. Mwenye ulimi mzito hasemi vizuri. Ndiyo sababu ya Musa, katika kitabu cha Kutoka, kujaribu kuukataa utume wake. Katika fungu hili kiungo kimegeuka kuwa mzigo, ilhali kiliumbwa kiwe mchukuzi.

Kwa hiyo Kiswahili kinaijua tofauti ambayo Kiingereza kinaibainisha kwa kutumia maneno mawili. Tofauti yenyewe kinaiweka kwenye nomino, si kwenye kivumishi. Ukisema maneno mazito umesifu. Ukisema ulimi mzito umelaumu. Kivumishi ni kimoja, ila mahali kilipokaa si pamoja. Jibu la msimamizi kwa mwanafunzi wake lilikuwa sahihi kuliko lilivyosikika: kamusi ya kutafsiri hutoa neno kwa neno, nayo haiwezi kuonyesha kwamba katika lugha moja hukumu imo ndani ya kivumishi, na katika lugha nyingine hukumu inasubiri mpaka nomino itajwe.

Methali nazo zinathibitisha mgawanyo huu. Husemwa, mzigo mzito mpe Mnyamwezi. Methali hii ina kumbukumbu ya misafara ya karne ya 19 baina ya pwani na bara, ambapo wapagazi wa Kinyamwezi walisifika kwa kubeba takriban frasila 2 kila mmoja, yaani ratili 70 hivi, kwa safari ya majuma na miezi. Sifa yao ilitokana na kwamba mzigo ulikuwa mzito na mwendo haukuwa mzito. Mpagazi ambaye mwendo wake ungekuwa mzito asingefika. Vilevile husemwa kwamba ndovu hashindwi na mkonga wake. Mzungumzaji wa Kiingereza anapomwona tembo akitembea huona ponderous. Mwenye methali humwona mnyama ambaye kiungo chake kikubwa kuliko vyote hakijawahi kumlemea. Ni mnyama yuyo huyo, na kila lugha imechagua upande wake wa kumtazama.

Hapo ndipo panapozuka shida halisi ya mhakiki. Katika madarasa ya fasihi, kauli inayosikika mara kwa mara kuliko "hoja nzito" na "ulimi mzito" ni "lugha nzito". Husemwa kuhusu Mashetani ya Ebrahim Hussein, kuhusu Nagona na Mzingile za Euphrase Kezilahabi, na kuhusu Sauti ya Dhiki. Je, lugha iko katika fungu lipi? Ni mzigo unaobebwa au ni kiungo kinachobeba? Ni vyote viwili. Lugha ni ulimi, na pia ni yale yanayotoka ulimini. Kwa sababu hiyo "lugha nzito" ni kauli isiyo na upande: anayeitamka anaweza kuwa anasifu, anaweza kuwa anashtaki, na mara nyingi anakwepa kufanya lolote kati ya hayo. Mwanafunzi aliyeshindwa kuisoma Nagona huandika katika mtihani kuwa ina lugha nzito, na mwalimu humpa alama akidhani amesifu kina cha riwaya. Mwalimu asiyetaka kukiri kwamba tamthilia fulani imemchosha huandika vivyo hivyo katika mapitio yake, na mtunzi humshukuru. Kauli inayoweza kumfaa kila mmoja haijahakiki chochote.

Zaidi ya hayo, "lugha nzito" huficha swali la nani anayeulemewa mzigo. Abdilatif Abdalla alitunga kwa Kimvita, lahaja ya Mombasa alikozaliwa mwaka 1946. Mwanafunzi wa bara anayekutana kwa mara ya kwanza na msamiati huo, na miundo ya kishairi inayofupisha maneno, atasema kwamba lugha ni nzito, na kwake ni nzito kweli. Mzee wa Mji wa Kale, aliyekua akisikia mashairi ya namna hiyo yakighaniwa, hatauona uzito huo hata chembe. Wahenga walinena kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Msomaji wa bara anaweza kuigeuza methali hiyo akasema kwamba usufi wa mwenzake umemlemea yeye kama jiwe. Kiswahili kina njia nyepesi ya kulisema jambo hili kwa haki: "nzito kwangu". Ponderous haina nafasi ya "kwangu". Huliweka kosa lote mlangoni pa mwandishi, wala halimwulizi msomaji ametoka wapi. Kwa hiyo mwanafunzi alipolibandika neno hilo kwenye diwani ya Kimvita, alimhukumu mshairi kwa kosa ambalo huenda lilikuwa la umbali baina ya lahaja mbili.

Ni haki basi kuuliza: Sauti ya Dhiki ni nzito kwa namna gani? Yanayojulikana kuhusu diwani hiyo yanatosha kutoa jibu. Mtunzi wake alihukumiwa kifungo cha miaka 3 mwaka 1969 kwa ajili ya kijitabu Kenya: Twendapi?, kilichosambazwa mwaka 1968 na kuikosoa serikali ya wakati huo. Mashairi yalitungwa kifungoni, yakaandikwa kwa siri kwenye karatasi za chooni. Mwenyewe alitoka mwaka 1972, diwani ikachapishwa mwaka 1973, na mwaka 1974 ikatunukiwa tuzo ya fasihi yenye jina la rais yule yule ambaye serikali yake ilimfunga. Mzigo, bila ya shaka, ni mzito. Katika "Siwati" msemaji anashikilia kwamba hatauacha msimamo wake kwa sababu ya mateso. Katika "Mnazi" watu wawili, Alii na Badi, wanazozania mti mmoja, na nyuma ya ugomvi wao msomaji anaiona nchi nzima ikigombaniwa.

Lakini mwendo je? Hapa istilahi ya Kiswahili yenyewe inatoa msaada ambao ikisiri ya Kiingereza haikuweza kuutoa. Silabi za mshororo huitwa mizani. Neno hilo, kama linavyojulikana, ni lilo hilo la chombo cha kupimia dukani, na limetokana na mzizi wa Kiarabu unaotoa pia wazn, neno ambalo kwa Kiarabu ni uzito na vilevile ni bahari ya shairi. Amri Abedi, alipoziweka sheria za utunzi katika kitabu chake cha mwaka 1954, aliihesabu mizani miongoni mwa mambo ambayo shairi halisimami bila hayo. Mshororo wa shairi la kawaida huwa na mizani 16, 8 katika ukwapi na 8 katika utao. Mshairi hupima kila upande, na upande mmoja hauruhusiwi kuuelemea mwingine. Kwa maneno mengine, katika nadharia ya ushairi wa Kiswahili uzito ni kitu kinachogawanywa sawasawa ili kiweze kuchukulika, kama mchukuzi wa mzegazega anavyoweka debe moja mbele na moja nyuma ili bega lake moja liweze kubeba yote mawili.

Hiyo ndiyo sababu ya mashairi hayo ya gerezani kuimbika. Mfungwa asiye na daftari huhitaji shairi linaloweza kukaa kichwani na kutembea peke yake. Mizani na vina viliufanya mzigo wa miaka 3 uwe na miguu. Mtu anaweza kuyapinga maoni ya mtunzi. Anaweza kushindwa na msamiati wake. Lakini akiyasoma kwa sauti hawezi kudai kwamba yanajikokota. Kwa hivyo neno lililochaguliwa na mwanafunzi halikukosea kwa kadiri ndogo. Lilisema kinyume kabisa cha ukweli. Mzigo wa diwani ni mzito na mwendo wake ni mwepesi. Ponderous ni jina la kitu ambacho mwendo wake ni mzito, hata kama mzigo wake ni mwepesi kama usufi.

Kisa cha mwanafunzi hakikuishia hapo. Ripoti ya mtahini ilikuwa na aya ya 4, ambayo mwanzoni hakuna aliyeitilia maanani. Ilisema kwamba Kiswahili cha tasnifu yenyewe, tofauti na mashairi inayoyachambua, ni ponderous, na safari hii neno lilitumika na mtu aliyelijua. Mwanafunzi alitaka kulipinga. Msimamizi alimwomba afungue ukurasa wowote asome kwa sauti. Ukurasa uliofunguka ulikuwa na sentensi ya namna hii: "Ni muhimu ibainike wazi kwamba suala la uwasilishwaji wa dhamira ya uvumilivu ni suala ambalo limeshughulikiwa kwa kiwango kikubwa na mtunzi katika utungo huu unaorejelewa." Alipofika mwisho, pumzi ilikuwa imemwishia. Msimamizi alimwuliza sentensi hiyo imebeba nini. Baada ya kimya kirefu alijibu kwamba imebeba jambo moja: katika shairi hili mtunzi anasisitiza uvumilivu. Msimamizi hakucheka, kwa kuwa sentensi ya pili katika ukurasa ule alikuwa ameiongeza yeye mwenyewe kwa kalamu wakati wa kusahihisha rasimu, nayo haikuwa fupi kuliko ya kwanza.

Kasoro hii si ya mwanafunzi mmoja. Uhakiki wa Kiswahili ulipojijenga katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki tangu miaka ya 1970, ulilazimika kuthibitisha kwamba lugha hii inaweza kubeba taaluma. Katika kuthibitisha hivyo ulijizoesha kuvaa joho: nomino zilizonyambuliwa mara mbili, tendwa zisizo na mtendaji, "suala la" na "swala la", "kwa kiwango fulani", "katika muktadha huu unaorejelewa". Nia ilikuwa njema, na hofu iliyoizaa ilikuwa ya kweli. Wapo waliosema kwamba Kiswahili hakifai kwa fikra za juu, na ilipasa wajibiwe. Lakini mazoea ya kujibu shutuma yamedumu, na katika kudumu kwake yameuhamisha uzito kutoka kwenye hoja hadi kwenye sentensi. Ni kosa lile lile la mwanafunzi katika ikisiri: kuamini kwamba neno likiwa refu, wazo nalo limekuwa zito. Johnson angalau alikuwa na mzigo mkubwa wa kustahili mwendo wake. Wengi wanaomfuata katika mwendo, kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, huenda mikono mitupu.

Haisemwi hapa kwamba nathari ya taaluma iandikwe kama barua ya nyumbani. Yapo mawazo yanayohitaji sentensi ndefu, kama ilivyo mizigo inayohitaji watu wawili. Istilahi nazo ni za lazima. Hakuna anayeweza kuuchambua ushairi bila ya kutaja ukwapi na utao. Kinachopendekezwa ni kwamba mhakiki atakapoandika "-zito" ajiulize swali la msimamizi: uko wapi uzito huo? Kama uko katika yale yanayosemwa, ayataje yenyewe. Kama uko katika usemaji, aseme kwamba ulimi wa kazi ni mzito, aonyeshe unapogugumia. Kama uko kwake yeye msomaji, aongeze "kwangu", na hapana aibu katika hilo. Na atakapoifasiri kazi yake kwa Kiingereza, ayajue maneno yale matatu kwa nyumba zao: heavy ya mzigo wowote, weighty ya mzigo unaostahili kubebwa, ponderous ya mchukuzi aliyeshindwa.

Mwanafunzi aliifanyia ikisiri marekebisho siku mbili kabla ya kikao cha utetezi. Kwanza alikifuta kivumishi akaandika weighty, akakisoma, akakiona ni sahihi ila hakikumridhisha. Kisha akakifuta hicho nacho, asiweke kingine chochote mahali pake. Aliandika kwamba tasnifu yake inachunguza mashairi yaliyotungwa na mfungwa wa kisiasa kati ya mwaka 1969 na 1972, yakiandikwa kwenye karatasi za chooni, kwa mizani 16 katika mshororo. Mtahini aliyelalamika hakuuliza tena lolote kuhusu ikisiri. Maswali yake yote kikaoni yalihusu mizani.